Garanti ya Mtu Niliyoila

Nilimnyima mtu dola 300 zake nikisema ameharibu vyombo vya nyumba yangu, na hakuviharibu. Nataka kulieleza kosa hilo tangu mwanzo wake, kwa sababu najua si langu peke yangu. Hapa Kapata, na Kolwezi nzima, wenye nyumba za kupangisha tumekuwa wengi katika miaka michache, na wengi wetu hatukufundishwa kazi hiyo na mtu yeyote. Tunajifunza kwa kuwaumiza wapangaji.

Kapata ni kambi ya zamani ya wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, kusini-magharibi mwa mji wa Kolwezi, nchini Kongo. Mume wangu aliingia hapa akiwa mfanyakazi wa kampuni, nami nikaingia nikiwa bibi harusi wake. Wakati ule wazee walikuwa bado wanasema kwamba kampuni ndiyo baba na ndiyo mama, maneno waliyoyatoa enzi za Union Minière, kampuni iliyoitangulia Gécamines. Kampuni ilitoa unga, ilitoa shule na hospitali, ikatoa na nyumba. Kitasa kikiharibika, mtu alikwenda kuandikisha, fundi akatumwa. Bati likitoboka, halikuwa jambo la mama wa nyumba. Tuliishi ndani ya nyumba miaka mingi bila kujua kwamba nyumba nayo inataka kulishwa.

Kisha mambo yakaharibika. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka, na baada yake uzalishaji ukazidi kushuka mwaka hata mwaka. Mishahara ikachelewa, halafu ikakoma. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliagwa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliolipiwa kwa pesa za Benki ya Dunia. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Alipokea hesabu yake ya mwisho, ikaisha upesi. Nyumba ikabaki kwetu, na alipofariki ikabaki kwangu na watoto.

Mwaka 2015 mkoa wa Katanga uligawanywa na Kolwezi ikawa makao makuu ya mkoa mpya wa Lualaba. Migodi ilikuwa imekwisha kupata wenye mitaji wapya, magari ya mizigo yakajaa barabarani, na vijana wakawa wanatoka Lubumbashi, Likasi na Kasai kutafuta kazi. Wote walitaka mahali pa kulala. Nami nilikuwa na chumba kikubwa nyuma ya parseli, chenye mlango wake, ambacho mume wangu alikijenga kwa matofali ya kuchoma akakiezeka mabati yaliyokwisha kutumika. Nikakipiga rangi, nikaweka kitanda, kabati la tripleksi, meza, na foteyi mbili nilizozifunika kwa vitambaa nilivyofuma kwa mkono. Chumba chenye vyombo kinaleta kodi kubwa kuliko chumba kitupu. Hilo nililijua. Ambalo sikulijua ni kwamba ukimpa mtu chumba chenye vyombo, umempa pia vitu ambavyo siku moja itabidi mwulizane habari zake.

Mpangaji ninayemzungumzia aliletwa na komisyonere, dalali wa nyumba. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, fundi wa kuchomelea vyuma katika kampuni ndogo inayofanyia kazi migodi. Mkewe alikuwa Likasi na mtoto mchanga, naye alitaka kujipanga kwanza ndipo awalete. Kodi tulipatana dola 100 kwa mwezi, na garanti, yaani amana ya kurudishwa mtu akihama, ya miezi mitatu. Tulijaza karatasi moja: majina, kiasi, tarehe, sahihi. Kuhusu vyombo hapakuwa na hata mstari mmoja. Nilimwingiza chumbani jioni, umeme wa SNEL umekatika, nikamwonyesha vitu kwa taa ya simu. Nikasema, “Kitanda kile, kabati lile, vyote ni vizima.” Akasema, “Aksanti, Mama.” Nyuma ya kabati hakuna aliyetazama. Dari hakuna aliyeiinulia macho.

Dola 300 hizo hazikulala kwangu hata wiki moja. Nilikuwa na mtoto anayedaiwa karo, nilikuwa na deni la dawa, na mifuko ya unga ilikuwa imepanda bei. Nikalipa huku, nikalipa kule, na kila nilipotoa noti moyo wangu haukuniambia kwamba natoa pesa ya mtu. Niliiona kama malipo ya chumba, zawadi ya kuanzia. Hapa kwetu garanti wengi tunaila siku tunayoipokea. Ndiyo maana mpangaji akitoa taarifa ya kuhama, mara nyingi tunamwambia akae bure miezi ya mwisho, “akule garanti yake”, kwa kuwa hatuna cha kumrudishia. Na akihama ghafla, tunaanza kuvitazama vyombo kwa jicho jingine.

Miezi ilikwenda vizuri. Kijana alilipa kwa wakati. Alitoka alfajiri, akarudi jioni na viatu vyenye udongo mwekundu. Aliniita Mama, nami nilimwita mwanangu, na wanangu walimwita yaya, yaani kaka mkubwa. Alinichomelea geti bila kudai kitu.

Mvua zetu huanza Oktoba na kwenda mpaka Aprili, na Januari hunyesha kama zinatafuta kitu. Katika mvua hizo alinijia asubuhi moja kabla ya kwenda kazini. “Mama, mvua inaingia mu chumba, kando ya kabati.” Nikamwambia avute kabati kidogo, tungetengeneza kiangazi, kwa sababu fundi hapandi juu ya mabati yenye maji. Jibu hilo lilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini kiangazi kilifika, mwezi wa tano, wa sita, wa saba, jua kali na mabati makavu, nami sikumwita fundi. Kodi iliingia na ikapata matumizi mengine. Naye hakunikumbusha tena, nafikiri kwa heshima.

Mwishoni mwa mvua zilizofuata akaniambia anahama. Mkewe alikuwa anakuja na mtoto, akahitaji vyumba viwili, na alikuwa amepata nyumba upande wa komini ya Manika. Alinipa taarifa mapema, kwa maneno mazuri. Kisha akasema kwamba mwenye nyumba ile mpya anamngojea na garanti, na kwamba yeye anaitegemea ile iliyo kwangu. Nilikubali kwa kichwa. Usiku ule sikulala. Sikuwa na dola 300. Sikuwa na hata 50.

Hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa, kabla sijaingia chumbani kukagua chochote. Siku zote nimejaribu kujidanganya kwamba nilikasirika kwa sababu ya kabati. Ukweli ni kwamba niliingia chumbani nikihitaji kukuta uharibifu.

Na uharibifu nikaukuta. Kabati lilikuwa limevimba chini. Tabaka za tripleksi zilikuwa zimeachana, ukizigusa zinafunguka kama kurasa za kitabu kilicholowa, na mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umeoza kiasi kwamba kabati lote liliegemea ukuta. Mgongo wake ulikuwa na ukungu mweusi. Nyuma ya hapo, kwenye kona, sima, yaani saruji, ya sakafu ilikuwa imevimba na kubanduka, pande kubwa kama sinia, na chini yake udongo ulikuwa mlaini. Kitambaa cha foteyi moja kilikuwa kimepata madoa ya rangi ya chai. Mezani palikuwa na duara jeusi la sufuria iliyotoka motoni. Ufunguo mmoja kati ya miwili haukuwapo.

Niliitazama ile kona na neno lililonijia kichwani ni Kasulo. Kila mtu wa Kolwezi anaijua habari ya Kasulo. Mwaka 2014 mtu mmoja alichimba nyumbani kwake katika mtaa ule akakuta madini ya kobalti, na muda si muda mtaa mzima ukageuka mgodi. Watu walichimba uani, wakachimba ndani ya vyumba walimolala, mashimo yakafunikwa kwa maturubai, nyumba zikapasuka. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta na familia zikahamishwa. Tangu hapo mwenye nyumba wa Kolwezi akiona sakafu imebanduka na mpangaji mwenye udongo viatuni, hafikirii maji. Hapa Kapata penyewe akina mama wameosha mawe ya madini katika Ziwa Malo miaka na miaka, watoto wakiwa kando. Tunajua jiwe la kijani na jiwe jeusi linavyomwingiza mtu katika tamaa.

Nikamwambia, “Mwanangu, ulikuwa unachimba humu ndani?”

Alinitazama kwanza, kama mtu aliyesikia vibaya. Kisha akasema, “Mama, haiko mimi. Ni mayi. Nilikuambia.”

“Maji hayachimbi sakafu,” nikamjibu.

Nilikuwa na umri wa kujua kwamba maji yanachimba sakafu. Nilikuwa nimeona sima ya jikoni kwa jirani yangu ikibanduka vilevile. Lakini nilikwisha kulisema, na aliyekwisha kulisema jambo mbele ya mtu mdogo kwake huona aibu kulirudisha.

Nikachukua kalamu na karatasi, nikaketi kwenye ile foteyi yenye madoa, nikaandika. Kabati: bei ya kabati jipya dukani. Sakafu: sima, mchanga, fundi. Kitambaa. Meza: bei ya meza mpya. Ufunguo: bei ya kitasa kizima. Nikajumlisha, ikafika 260. Nikaona bado, nikaongeza mapazia, ambayo hayakuwa na kitu ila kupauka kwa jua. Jumla ikawa 300 kamili. Nimeileta hesabu hii hapa kama ilivyokuwa, kwa sababu ndiyo ushahidi mkubwa dhidi yangu kuliko kabati lenyewe. Uharibifu wa kweli hauishii pale pale ilipoishia garanti. Unazidi au unapungua. Hesabu ikilingana na garanti dola kwa dola, anayehesabu anatafuta pa kufikia.

Kijana aliisoma karatasi mpaka mwisho. Akanionyesha ile meza, akasema duara la sufuria ni lake, na ufunguo ni yeye aliyeupoteza, atalipa. Mengine alisema si yake. Nilikataa. Hakupiga kelele. Alifunga begi lake, akanikabidhi ufunguo uliobaki, akaondoka.

Nilifikiri nimemnyima pesa tu. Baadaye nilipata kujua nilichomnyima. Mwenye nyumba wa Manika hakuweza kumsubiri, akampa nyumba mtu mwingine. Mkewe akabaki Likasi na mtoto kwa miezi mingine. Yeye akalala kwa rafiki, chini, kwenye chumba cha watu watatu. Katika mji wetu garanti ya nyumba ya zamani ndiyo mlango wa nyumba mpya. Ukimzuilia mtu garanti, umemfungia milango miwili kwa mara moja.

Nikafanya na la pili, lililo baya kuliko la kwanza. Komisyonere alipokuja kuuliza kama chumba kiko wazi, nikamwambia kwamba yule aliyemleta alikuwa anachimba ndani ya nyumba. Nikamwonyesha sakafu. Sikusema “nadhani”, nilisema “alikuwa”. Komisyonere kazi yake ni maneno: anajua nani analipa, nani analewa, nani anapiga mkewe, na anawauzia wenye nyumba ujuzi huo pamoja na funguo. Neno langu likapita kutoka kwake hadi kwa wenzake.

Kwa pesa nilizokopa nikanunua kabati jingine, nikaliweka kwenye kona ile ile. Nikaziba sakafu. Mpangaji mwingine hakupatikana upesi, chumba kikakaa kimefungwa. Mvua zikaanza tena. Siku moja nikaingia kuchukua ndoo, nikasikia harufu ya ukungu. Kabati jipya, ambalo hakuna mtu aliyewahi kuweka nguo ndani yake, lilikuwa limeanza kuvimba chini. Ile sima niliyoiziba ilikuwa imeinuka tena kwenye kingo zake. Ukuta ulikuwa na mstari wa maji kutoka juu mpaka chini, mwembamba, ung'aao.

Nilisimama pale nikatafuta mtu wa kumlaumu, na hapakuwa na mtu chumbani ila mimi.

Nikamwita fundi siku ile ile mvua ilipokatika. Alipanda, akakaa kidogo, akashuka na kunieleza. Mfereji wa mabati ulikuwa umeziba: majani ya mwembe, na juu yake vumbi jekundu lililokaa kiangazi baada ya kiangazi. Tunaoishi kando ya njia ya magari ya migodi tunaliona vumbi hilo kwenye majani, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye chakula. Hatulioni juu ya bati. Mvua ikija inalikusanya mferejini linakuwa tope, linakauka, linakuwa kama udongo wa chungu. Maji yakikosa njia yanarudi nyuma, yanaingia chini ya bati, yanafuata ukuta. Na pale kwenye kona palikuwa na tundu la msumari wa zamani, kwa kuwa mabati yale yalikwisha kutumika mahali pengine kabla ya kuja kwetu. Kazi ya kuliziba ilimchukua fundi muda mfupi, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko bei ya mlango mmoja wa kabati.

Jioni nikafungua simu na kurudi nyuma katika mazungumzo yetu. Picha ilikuwapo. Ukuta uliolowa, pembe ya kabati, na chini yake ameandika kwamba mvua imeingia tena usiku na kwamba amelivuta kabati lakini chumba hakina nafasi. Jibu langu lilikuwa chini ya picha hiyo: “Sawa mwanangu, tutatengeneza.” Siku ya kukagua picha ile ilikuwa mkononi mwangu, ndani ya simu niliyokuwa nimeishika. Sikuitafuta kwa sababu sikutaka kuiona.

Tangu hapo nimeuliza na nimesoma, na ninayojua sasa ningeweza kuyajua mapema kama ningetaka. Nchi yetu ina sheria ya kodi za nyumba, namba 15/025 ya 31 Desemba 2015. Sheria hiyo inasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi kodi ya miezi mitatu, ingawa wapo kati yetu wanaodai sita na zaidi. Inataka hali ya nyumba iandikwe mbele ya pande zote mbili. Na sheria ya mikataba, ambayo mizizi yake ni amri ya mwaka 1888, inamtwika mwenye nyumba kazi ya kuitunza ili ikalike. Paa ni langu. Mpangaji anajibu kwa kile alichokivunja yeye na watu wake. Hajibu kwa uzee wa kitu, wala kwa mvua iliyoingia kwa tundu aliloliripoti.

Huko Ubelgiji, nchi iliyotuachia sehemu kubwa ya sheria hizo, garanti kwa kawaida inawekwa benki katika akaunti iliyofungwa kwa jina la mpangaji, na mwenye nyumba hawezi kuigusa bila idhini ya mpangaji au amri ya hakimu. Uingereza nako, tangu 2007, garanti inalindwa katika mfumo ulioidhinishwa na serikali, na wakigombana kuna watu wa kati wa kuamua. Watu wa huko si wema kuliko sisi. Walielewa tu kwamba anayeshika pesa ya mtu hawezi pia kuwa mwamuzi wa kama atairudisha.

Nikaketi nikaandika upya ile karatasi, safari hii nikiwa sina njaa ya kupata jumla fulani. Ufunguo: bei ya kuchonga ufunguo. Meza: duara la sufuria linafutika kwa msasa na vanishi, fundi wa mbao ananifanyia kwa pesa kidogo. Hapakuhitajika meza mpya. Mapazia: jua. Kitambaa: maji ya dari, niliyaona madoa yale yale yakitokea kwenye foteyi ya pili. Sakafu: maji. Kabati: maji. Na hata kama kabati angeliharibu yeye kwa mikono yake, lilikuwa limekwisha kukaa miaka zaidi ya kumi, na mtu aliyeharibu kabati la miaka kumi hadaiwi kabati jipya. Anadaiwa ile miaka michache iliyokuwa imebaki ndani yake. Deni lake la kweli halikufika dola 15. Nilikuwa nimechukua 300.

Kumtafuta kulikuwa kugumu kuliko nilivyodhani, kwa sababu simu yangu hakuipokea. Sikumlaumu. Nilisubiri zamu yangu ya likelemba, mchango wetu wa kupokezana pesa, nikapata sehemu ya pesa, nikamwomba kijana aliyefanya naye kazi anipeleke. Nilimkuta Manika, kwenye chumba kimoja na mkewe na mtoto. Mkewe alinipa kiti. Hakujua mimi ni nani mpaka mumewe alipoingia, na nilipoona sura yake ikibadilika niliona haya kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu.

Nilimwambia yote. Kwamba paa lilikuwa bovu, kwamba picha yake nilikuwa nayo, kwamba pesa yake niliila siku aliyonipa, na kwamba nilijumlisha mpaka nikafika 300. Sikumwambia nilikosea kidogo. Nikampa nilichokuja nacho na kumwahidi siku ya kumalizia, na siku hiyo nikamaliza. Alitaka kukata zile za ufunguo na meza. Nikakataa, nikasema hizo zikae kwa siku alizolala chini kwa rafiki yake, ingawa hazitoshi.

Alinishukuru kwa heshima, kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. “Mama, pesa nimepokea, aksanti. Lakini yule komisyonere anasema bado kama mi ni mutu wa kuchimba mu nyumba za watu.”

Pesa ilirudi njia moja, kutoka mkononi mwangu mpaka kwake. Neno lilikuwa limekwenda njia nyingi. Nilimfuata komisyonere mahali wanapokaa na wenzake, nikiwa pamoja na kijana yule, nikasema mbele yao wote kwamba niliyoyasema yalikuwa uongo, kwamba sakafu iliharibiwa na paa langu. Wengine walisikia. Wengine hawakuwapo siku ile, na hao sijui wamemwambia nani. Sehemu hiyo ya deni sijailipa, na sidhani kama nitaweza kuilipa yote.

Chumba kina mpangaji mwingine sasa. Tuliingia saa nne asubuhi, jua likiwa dirishani. Tulivuta kabati tukatazama nyuma yake, tukainua godoro, tukafungua na kufunga kila mlango. Nilianza mimi kutaja kasoro za vitu vyangu: kiti hiki mguu unacheza, kioo hiki kina ufa pembeni, meza hii ina alama ya sufuria iliyosafishwa. Vyote viliandikwa katika karatasi mbili, sahihi mbili, na picha zikabaki katika simu zote mbili. Akiniletea habari ya kitu kibovu, naandika tarehe nyuma ya karatasi yangu na siku niliyokitengeneza. Kila mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua ya kwanza, fundi anapanda na kukomba mfereji. Garanti iko katika laini ya simu ambayo haina kazi nyingine, na mpangaji anaijua namba yake. Kuna miezi ambayo nimeihitaji sana pesa ile. Sijaigusa.

Nawaomba wenye nyumba wenzangu, hasa sisi wa kambi za zamani, ambao paa zetu zimezeeka na kampuni haitatuma fundi tena: siku mpangaji anapohama, msianze na kabati. Iwekeni garanti yake mezani kwanza, yote, mbele ya macho yake, ndipo mzunguke chumbani pamoja na karatasi mliyoandika siku alipoingia. Kama huna pesa ya kuweka mezani, mwambie hivyo, mpatane siku. Ataumia, lakini atajua anadai nini na anamdai nani. Mimi nilichagua kumwita mwizi wa madini mtu niliyekuwa nadaiwa naye, na mke wake alikaa Likasi miezi kadhaa kwa ajili hiyo.